Kikapu cha Kahawa kwa Mtaliano

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana watu walikuwa wamekwisha kujifunza kula kwa uma na kuwadharau wanaokula kwa mkono, paliishi mjane mmoja Uhayani, jina lake Ma Kemilembe. Alikuwa na nyumba kilimani, shamba la migomba lililoizunguka nyumba, na magoti yaliyogoma. Alipoanguka njia ya kisimani, watoto walituma pole. Alipoanguka tena, alilala palepale hadi jirani alipomkuta. Ndipo ikakubaliwa kwamba hawezi kuishi peke yake, kwamba atahamia kwa mmoja wao, na kwamba atakayemchukua ndiye atakayelishika shamba.

Ghafla kila mtu akawa na chumba cha ziada.

Walikuwa watatu. Mkubwa ni Rwegasira, mfanyabiashara wa mabati, mtu asiyevuka barabara bila kutangaza kwamba amevuka. Wa pili ni Kokusima, mwalimu mkuu, aliyesahihisha watu hata wakiwa wanasali. Wa tatu hakuwa wa kumzaa. Ni Alinda, mjane wa kitinda mimba aliyefariki, mwanamke wa sauti ndogo, mwenye macho ya kuinama ambayo hayakupitwa na kitu.

Mama akasema atachagua siku atakayotimiza miaka sabini, mbele ya wote watatu, wakishakula. Rwegasira akasema basi sherehe iwe kwa Mtaliano.

Kwa Mtaliano ni mgahawa ulio kando ya ziwa. Mzee Bepe, Mtaliano mwenyewe, anapika, mkewe Tereza anakanda unga, binti yao Lusia, aliyezaliwa papo hapo ziwani, anahudumia meza. Wakubwa wa mji hupenda kula pale ili kesho yake waseme walikula pale. Chakula chenyewe wengi wao hukiogopa.

Gari halifiki mlangoni, lazima kuteremka ngazi za mawe. Rwegasira akavua koti, akainama, akambeba mama mgongoni mbele ya watu waliomjua, na viatu vyake vya kung'aa vikikwaruzika kwenye mawe. Hakukodi mtu. Akamkalisha dirishani, akamgeuzia kiti, kwa kuwa alikumbuka mama hupenda kulitazama ziwa. Mwana mwema. Msimsifu bado.

Maana mama alipotulia alifungua mkoba, akatoa kikapu kidogo chenye kifuniko. Ndani mlikuwa na kahawa ya kutafuna. Kwetu mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu. Buni huchemshwa pamoja na majani ya kunukia, zikaanikwa hadi zikakauka na maganda yake, kisha mwenye shughuli huwapitishia wageni. Kila mmoja huchukua punje mbili tatu akatafuna, ndipo ajue amekaribishwa. Shughuli ilikuwa ya mama, wageni walikuwa wa mama, na buni alizichemsha mwenyewe, kwa magoti yale yale.

Rwegasira akatupa jicho meza ya jirani, alikokaa mkubwa mmoja wa benki. Akakifunika kikapu, akakishusha, akakisukuma kwa mguu chini ya meza.

"Mama, hapa si matangani," akasema.

Mama akaikunja mikono mapajani.

Chakula kikaja: tambi ndefu zenye mchuzi wa nyanya, na sato wazima waliochomwa kwenye tanuri. Mama akajaribu uma, tambi zikateleza. Akaweka uma chini, akatumia vidole, kwa usafi kuliko wengi mle ndani. Kokusima akamdaka mkono ukiwa hewani. Akamwambia Lusia, kwa ile sauti yake ya kuwapangia watoto mistari asubuhi, kwamba wamsamehe mzee wao, ni wa kijijini, hajazoea meza. Meza zote zikageuka kumtazama mzee wa kijijini.

Msimlaani bado. Ni Kokusima huyo huyo aliyeivuta sahani ya mama akamchambua sato kwa vidole vyake, mwiba baada ya mwiba, hata ile myembamba ya ubavuni, akamlisha mama tonge kwa tonge, maana alijua macho yale hayaoni miiba tena. Chakula chake mwenyewe kilipoa, mchuzi ukaganda. Hakuna aliyemtuma. Na muda wote huo hakusema neno, jambo ambalo kwa Kokusima ni muujiza.

Na Alinda? Alinda alikula kimya, uma umemkaa mkononi vizuri. Mtamwita mpole. Lakini mnadhani ni nani aliyemwambia mama alete kikapu? Asubuhi ile mama alisita, akasema wanawe wataona haya. Alinda akamjibu kwamba shughuli ni yake, na bila kahawa atawakaribishaje wageni? Maneno ya heshima hayo. Ila Alinda aliwajua shemeji yake na wifi yake kama alivyozijua sufuria zake. Alijua kikapu kitawachoma, na kiliposukumwa chini ya meza hakukohoa. Alikuwa anailinda heshima ya mkwewe, au alikuwa anatega? Hakuwahi kusema.

Basi Lusia akainama kuokota kitambaa kilichoanguka, akakiona kikapu. Akakinusa, uso ukamchanua. Katika nyumba ile, mgeni wa sherehe akija na chakula chake hakiachwi pembeni. Hupikwa na wenye nyumba, kikarudishwa mezani, wote wakala. Ndivyo alivyolelewa. Akakikimbiza kikapu jikoni. Na mzee Bepe, aliyeamini kwamba anaijua kahawa kuliko Wahaya wote, akazisaga buni zile pamoja na maganda na majani yake, akazipika.

Wakatoka wote watatu na vikombe vidogo, Tereza bado ana unga kwenye viwiko. Cha kwanza wakampa mama. Lusia akawatangazia kwamba mama amewaletea wageni wake kahawa, na wao wameona fahari kuiandaa.

Mama akatazama ndani ya kikombe. Ukaribisho wake wote ulikuwa umegeuka uji mweusi. Akaziona nyuso za wenye mgahawa wale watatu zilivyokuwa na furaha, akawashukuru.

Rwegasira akaonja, akatema kwenye kitambaa. Kokusima akaonja, akamweleza mzee Bepe kosa lake, kwa urefu, hadi mzee akashika kichwa. Alinda akanywa. Ilikuwa chungu kama shubiri, machicha yakimkwaruza koo, lakini akaimaliza, akavuta na kikombe cha mama, akakimaliza pia.

"Nimekaribishwa, Mama," akasema.

Basi ni huyu, mnasema. Haya. Lakini aliposema hivyo hakuwa akimtazama mama. Alikuwa akiwatazama wale wawili.

Mzee Bepe akaomba radhi mpaka ikawa mama ndiye anayembembeleza. Kikapu kikarudishwa mezani, na ndani zilikuwa zimebaki punje chache zilizokwama kwenye ukili. Mama akazibandua kwa kucha, akampa Bepe, akampa Tereza, akampa Lusia. Wakatafuna, wakakunja uso, wakashukuru. Mama akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aketi, na watu ambao hata hakuwaalika.

Rwegasira akatazama saa. Akasema mama awaambie sasa, anaondoka na nani?

"Mgongo uliokuleta hapa ni wangu," akamwambia mama. "Kikapu ni kosa la dakika moja. Magoti yako ni ya kila siku."

"Na kula ni kwa kila siku," akasema Kokusima. "Atakutolea miiba nani? Ulimi wangu mkali, najua. Mkono wangu je, Mama?"

"Wao walikuonea haya," akasema Alinda. "Mimi sikukuonea haya."

"Wewe ulitutegea mtego, shemeji, ukamfanya mama chambo."

"Mtego haumnasi asiyepita njia hiyo, Ta Rwegasira," akajibu Alinda, kwa lile Ta la heshima.

Shamba hakulitaja mtu. Walikuwa wanne pale mezani, na shamba lilikuwa la tano, limekaa kimya kama mkwe.

Mama akainua mkono kutoka mapajani. Mikono mitatu ikanyooshwa kwake kwa wakati mmoja, na hakuna hata mmoja uliokuwa wa uongo mtupu, na hakuna hata mmoja uliokuwa safi.

Haya, nyinyi mnaocheka huko nyuma na kujifanya hamwajui watu wa namna hii: Ma Kemilembe aushike mkono wa nani?