Wageni Elfu na Tisa

Hapo zamani, enzi ambazo watu walikula kwanza wakabishana baadaye, alikuwako Sultani Ngwali, aliyependa hesabu kuliko haki. Na katika mji wake alikuwako fukara mmoja, Shaame, mpanga nazi sokoni, ambaye hakusoma popote ila hesabu aliijua kwa nazi. Siku moja akasema mbele za watu kwamba Waziri Badi hajui hesabu, anajua kilemba tu. Mimi simlaumu, neno la kweli halihitaji mto wa kuegemea.

Waziri akaliweka moyoni. Basi Sultani alipofanya karamu ya kumwoza binti yake, Waziri, msimamizi wa karamu, akaalika wageni elfu moja na tisa barabara, kisha akamnong'oneza bwana wake kwamba hesabu hiyo haigawanyiki. Shaame akaitwa.

"Ewe Shaame," akasema Sultani, "wapange wageni wangu kwenye masinia, kila sinia watu sawasawa. Asile mtu peke yake, wala wasizunguke wote sinia moja. Usiongeze mgeni, usipunguze. Ukishindwa, utafungwa kwenye kinu cha ufuta ukizungushe mwaka mzima, ngamia wangu apumzike."

"Na nikiweza, maulana?"

"Ngamia ni wako."

Basi Shaame akawapanga wawili wawili. Akabaki mmoja, naye ni Mzee Jecha, mtu wa tumbo. Akawapanga watatu watatu, akabaki Jecha. Wanne wanne, Jecha. Sita sita, saba saba, wanane wanane, tisa tisa. Ikawa kila wenziwe wakikaa, Jecha amesimama, na mikono keshanawa.

"Mwanangu Shaame," akasema, "mimi nimekukosea nini?"

"Si mimi, mzee. Ni hesabu hii. Ngumu kama kokwa, haina pa kupasukia."

Waziri akacheka hadi kilemba kikamshukia puani, akaagiza kamba ya kinu iletwe. Pilau linapoa. Shaame akajaribu watano watano. Yakajaa masinia mia mbili na moja, wakabaki wanne.

"Angalau nimepata wa kusimama nao," akasema Jecha.

Shaame akatazama pazia la hariri, ambako Sultani, kwa desturi yake, alikuwa keshakaa na sinia lake peke yake, mdomo umejaa.

"Maulana, mwenye shughuli ni mgeni?"

"Mgeni wa nani, nyumbani kwangu?"

"Basi nikikukalisha hapa sijaongeza mgeni. Nawe umesema asile mtu peke yake, na nyuma ya pazia namwona mtu anakula."

Sultani akatafuna polepole, akameza, akatoka, akaketi na wale wanne. Ikawa watano watano, masinia mia mbili na mawili, hakubaki hata mmoja. Sultani akanyoosha mkono kulifuata paja la mbuzi upande wa pili wa sinia. Jecha akamshika kifundo.

"Maulana, kula mbele yako."

Hapo Sultani akacheka mpaka machozi yakalowesha ndevu, na Shaame akapewa ngamia siku hiyo hiyo. Ila kinu kikabaki hakina wa kukizungusha, na kamba ilikwisha kuletwa. Watu wote wakamtazama Waziri, naye akainama, akajitia kuhesabu masinia.

Hekaya yangu imeishia kwenye sinia. Aliyeshiba na anawe.