Nimesikia Haipandi Kamba

“Nimesikia haipandi kamba.” Ndivyo nilivyomwambia Mbeleje asubuhi hii, alipoitwa na mama yake mara tatu, akaitika mara tatu, na asinyanyuke. Mmecheka, wanangu, kisha mkaniuliza ni kamba gani hiyo. Methali hii ilizaliwa katika nyumba hii hii niliyoolewa, nami nilisimuliwa na mwenyewe yaliyomkuta.

Baba mkwe wangu, Ndahani, alikuwa mchimba visima huku Ugogo. Alifanya kazi na kaka yake, Chilewa. Ndahani, aliyekuwa mwembamba na mwepesi, ndiye aliyeshuka chini. Chilewa alibaki juu, akivuta ndoo za udongo na kuangalia kingo za shimo. Mwaka huo mvua zilikatika mapema. Wanawake walitoka alfajiri kwenda kuteka maji, wakarudi jua likiwa utosini. Kijiji kizima kilikuwa kinangoja kisima cha ndugu hao wawili.

Siku moja, shimo likiwa limefika kimo cha watu sita, Ndahani alikanyaga udongo wa baridi. Akauokota, akaufinya, kiganja kikalowa.

“Kaka, maji yako karibu!”

Wanakijiji waliokuwa juu walishangilia. Chilewa hakushangilia. Alikuwa ameona ufa kwenye ukingo, mwembamba kama unywele, na kadiri alivyoutazama ndivyo ulivyozidi kupanuka.

“Ndahani! Panda!”

“Nimesikia!”

Chilewa akaishika kamba, akakita miguu, akangoja uzito wa mdogo wake. Kamba ikabaki imelegea. Kutoka chini ulisikika mlio wa sururu.

“Ukuta unapasuka! Panda sasa hivi!”

“Nimesikia, kaka!”

Neno lile likamtuliza. Kwao, mtu akisema amesikia, amekubali; mtoto anayeulizwa “husikii wewe?” haulizwi habari ya masikio. Chilewa akadhani mdogo wake anakusanya vifaa. Hakuita tena. Akageuka kuwaambia watu wasogee nyuma, na hapo hapo ukuta ukaporomoka.

Walifukua kwa majembe, kwa mabakuli, kwa kucha. Jua lilikuwa limeanza kuinama walipokifikia kichwa cha Ndahani. Alikuwa ameziba uso kwa mikono yote miwili, na nafasi ndogo iliyobaki kati ya mikono na uso ndiyo iliyombakishia pumzi. Alitoka hai, ila mguu wa kulia haukupona tena. Kisima nacho kilikuwa kimeharibika kabisa.

Kwa siku nyingi ndugu wale hawakulizungumza jambo hilo. Mwishowe Chilewa akaja kuketi kando ya kitanda cha mgonjwa.

“Uliniambia umesikia.”

“Nilisikia.”

“Ulisikia nini, Ndahani?”

“Sauti yako, kaka. Niliijua ni yako, na niliyajua maneno. Lakini miguu yangu ilikuwa imeshagusa unyevu. Nikasema nimesikia ili unyamaze, nipige sururu moja zaidi.”

Chilewa akajifuta uso. “Na mimi nikaliamini neno, nikaacha kuitazama kamba.”

Watu walikuwa bado na kiu. Miezi miwili baadaye wakaanza shimo jingine, hatua arobaini kutoka pale. Safari hii Chilewa ndiye aliyeshuka, na Ndahani akaketi ukingoni, kamba imefungwa kwenye kigingi na kupita mikononi mwake. Wakachimba wiki baada ya wiki. Siku moja Ndahani akaona changarawe zikidondoka, chache tu, kutoka upande mmoja wa ukuta.

“Kaka, panda!”

Chilewa alikuwa amepiga magoti chini kabisa. Vidole vyake vilikuwa vimezama kwenye tope, tope lenyewe, na maji yakichuruzika kati ya vidole.

“Nimesikia!” akajibu, na asiinuke.

Ndahani hakuwa mtu wa kumpigia kaka yake kelele. Siku hiyo alipiga, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama:

“Kaka! Nimesikia haipandi kamba!”

Kisha kamba ikanyooka mikononi mwake, ikawa nzito.