Rupia Iliyolala Mtoni mwa Sufi

Hapo zamani, si zile za sungura kusema, ni hizi za bibi zetu, alikuwapo Pangani Bi Mwanatumu, mwenye rupia tatu za fedha za enzi za Mjerumani. Alikuwa na wajukuu watatu, Riziki, Saumu na Mize, akamkabidhi kila mmoja rupia moja aitunze. Na kila Idi ikikaribia, amri ilikuwa ile ile: chukueni majivu na ndimu, sugueni fedha imete.

Riziki alisugua. Alisugua mpaka mfalme aliyechorwa juu ya rupia akapoteza pua, kisha masharubu. Saumu naye alisugua, halafu akampelekea sonara aitoboe, akaivaa kidani.

Na Mize? Mize alipenda usingizi kuliko pilau. Aliifunga yake kitambaani, akaitumbukiza ndani ya mto wa sufi, akaushona, akaulalia. Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yamepungua nuru, akiuliza, "Mize, umesugua?" hujibiwa, "Inameta, Bibi!" Lakini ndugu zake walimjua. "Ajizi nyumba ya njaa," walimwimbia. Mize alicheka nao, ingawa moyoni maneno yale yalimchoma.

Siku moja Saumu alikuwa kwa sonara, akaingia Bwana Hassanali, muuza vyerehani wa Tanga, mwenye uchu wa sarafu kongwe. Alipokiona kile kidani alishika kichwa.

"Lahaula! Binti yangu, rupia za mwaka ulioandikwa hapa zilitoka chache. Isingetobolewa, isingesuguliwa, ningekupa cherehani kipya!"

"Nyumbani zipo mbili nyingine," alisema Saumu.

"Basi twende."

Waliwakuta Bibi na Mize wameketi mkekani uani, na Riziki amesimama kando. Alikuwa ameufumua mto wa Mize ili aianike sufi, na mkononi ana rupia nyeusi tititi. Ndimu ameshaikata.

"Mvivu we!" alimfokea Mize. "Hii ndiyo inayometa?"

Mize aliinamisha uso, akatamani ardhi impasukie. Riziki akainua ndimu. Saumu aliruka, akamdaka mkono.

Bwana Hassanali aliishika rupia ile kwa ukingo, akaigeuza juani. Pua ipo. Masharubu yapo, unywele kwa unywele.

"Weusi huu usiguswe," alisema. "Mwenye kusugua huichuna ngozi. Hii ni nzima. Cherehani ni chenu!"

Vigelegele vikapigwa, kisha vikakatika. Maana cherehani ni kimoja, na mabinti wote watatu posa zao zilikuwa zimekwisha kupokelewa: mmoja anaolewa Muheza, mmoja Korogwe, mmoja Lushoto. Hakigawanyiki. Huwezi kumpa huyu gurudumu na yule sindano.

"Ni changu," alisema Riziki. "Nisingefumua mto, rupia ingeozea humo. Tena mgeni anataka kitu adimu. Nani aliyeisugua yake ikaharibika hata hii ikawa adimu humu ndani, kama si mimi?"

"Dada, ulibakiza kidogo tu uiharibu na hii!" alisema Saumu. "Ni changu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni nimemleta mimi, na ndimu nimeizuia mimi."

Mize alisimama. Hakuwa na mazoea ya kudai kitu.

"Bibi, nilikudanganya kila Idi, nisamehe. Lakini ninyi nyote mlitii, na rupia zenu zimekufa. Yangu nimeilalia miaka yote, iko hai. Sijawahi kusifiwa kwa lolote katika nyumba hii. Leo mtaniambia sikufanya kitu?"

Bi Mwanatumu alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akajifuta machozi, kwa sababu wote watatu walikuwa wakimtazama awaamulie, na cherehani kilikwisha kuagizwa Tanga.

Haya, ninyi mliokaa hapa mkicheka nami: aliyelala, aliyefumua, au aliyedaka mkono? Je, cherehani kilimstahili nani?