Wimbo Uliobadilishwa Jina

Ketini, wapendwa, na nyinyi mliosimama mlangoni ingieni, viti vipo huku mbele na havina miiba. Leo naanza na mwalimu mmoja wa kwaya. Jina lake silitaji, wala la mtu mwingine yeyote wa kijiji kile, maana katika kisa hiki majina ndiyo yaliyoleta balaa.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kwaya, kijiji chake kimekatwa katikati na mto. Kanisa na shule vilikuwa upande huu, nusu ya nyumba upande ule, na hapo katikati magogo mawili yaliyofungwa kwa kamba. Kiangazi ulivuka ukipiga mluzi. Masika ulivuka ukisali. Mwalimu huyu alikuwa na mke mwenye sauti, jamani, sauti ya kumfanya mzee wa kanisa asahau kukusanya sadaka. Mke huyo ndiye aliyetunga wimbo uliopendwa kuliko zote pale:

*Pisheni njia, Yesu yuaja,*
*Mavumbini mwetu Yesu yuaja;*
*Hapiti mbio, husimama,*
*Aitwapo na mnyonge husimama.*

Jumamosi moja ya masika, mama huyo alikuwa anavuka kwenda mazoezini. Gogo likageuka. Walimtafuta siku tatu.

Sasa sikilizeni alichofanya mume wake. Hazikupita wiki nyingi baada ya maziko, habari zikafika kwamba kiongozi mkubwa anakuja kijijini. Mnajua kwetu mgeni rasmi hapokewi kimya. Kwaya iimbe, risala isomwe, na wimbo umtaje yeye kwa jina. Muda wa kutunga mwingine ulikuwa haupo. Mwenyekiti wa kijiji akaja kwa mwalimu, akavua kofia, akasema, "Mwalimu, ule wimbo wa marehemu ni mtamu mno. Toa jina la Yesu, weka la Mheshimiwa. Moyo wake ukilainika, daraja tumepata."

Mwalimu akatoa. Msicheke, na nyinyi nawajua. Alijiambia kwamba hata mke wake angekubali, si ni kwa ajili ya daraja?

Kiongozi akaja. Akaimbiwa kwamba hapiti mbio, husimama. Akafuta machozi kwa leso nyeupe, akaahidi daraja, akaondoka. Miaka mitatu ikapita, akaja mwingine. Wimbo ule ule, jina jipya. Huyu aliahidi daraja na kuwanunulia wanakwaya soda. Soda walikunywa. Ikapita miaka mingine mitatu, ikatangazwa kwamba wa tatu anakuja, na mwenyekiti akarudi na kofia yake mkononi.

"Badilisheni jina tu, mwalimu."

"Jina lake huyu ni refu, mwenyekiti. Halikai kwenye sauti."

"Basi livuteni."

Wakalivuta jina la watu wiki nzima, hadi wa besi wakapaliwa. Lakini mwalimu ndani yake alikuwa ameoza kwa hasira. Hakuweza tena kusikiliza taarifa ya habari bila kutukana. Alisali midomo ikicheza huku moyo ukigombana na watu walioko ofisini. Usingizi ulimkimbia. Usiku wa kuamkia ziara akaapa: huyu naye akinidanganya, navua joho hili, siimbi tena, si barabarani wala kanisani.

Kesho yake walisimama kando ya barabara tangu saa mbili asubuhi. Majoho mazito, jua la utosi, watoto wanalia. Nyuma ya kwaya waliketishwa wazee, na kati yao bibi mmoja mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, aliyewahi kuimba sauti ya pili zamani. Bibi huyu hakuwahi kuimba kwenye mapokezi yale mengine. Alikuwa amesikia tu kwamba wimbo wa marehemu utaimbwa, akadai apelekwe, na hakuna aliyemwambia kwamba maneno yamebadilishwa.

Saa tisa ving'ora vikasikika. Mwalimu akanyoosha risala ya kuomba daraja, akainua mkono. Kwaya ikavuta pumzi.

Magari yakaja. Moja, la pili, la tano, vioo vyeusi juu, na mwendo ule ule yaliyokuja nao. Yakapita. Hata taa ya breki haikuwaka. Vumbi likawafunika, majoho meupe yakawa ya kahawia, na mkono wa mwalimu ukabaki hewani hauna kazi.

Hebu niambieni, wapendwa, mkono wako umewahi kubaki hewani namna hiyo? Umepiga kura, umengoja, umeimba, kisha vumbi?

Mwalimu akakunja risala. Akaanza kufungua vifungo vya joho. Akamwambia mwenyekiti, kwa sauti ambayo kwaya nzima iliisikia, "Mimi nimeishiwa. Sijaona wa kusimama. Si duniani, si mbinguni."

Wanakwaya wakatazama chini. Na hapo hapo, nyuma yao, sauti ya kutetemeka ikaanza:

*Pisheni njia, Yesu yuaja...*

Ni yule bibi. Alisikia magari, akajua mambo yameanza. Akaona kwaya imechelewa, kama kawaida ya vijana wa siku hizi, akaamua kuwaanzishia. Binti mmoja wa kwaya akamkimbilia, akamshika bega.

"Bibi, nyamaza. Ameshapita."

"Nani kapita?"

"Mheshimiwa, bibi."

Bibi akakunja uso. "Mimi sikuja kumwimbia mtu wa gari. Huyu ninayemwimbia, naye kapita?"

Bibi akaendelea kuimba.

*Mavumbini mwetu Yesu yuaja...*

Lo, wapendwa! Vumbi lenyewe lilikuwa bado halijatua. Lilikuwa kwenye kope zao na kwenye meno yao. Walikuwa wameuimba wimbo ule miaka sita wakiwa wamepigwa pasi, wamejipanga, na leo ndiyo mara ya kwanza wamesimama mahali wimbo unapotaja. Mwanakwaya mmoja akaitikia, kisha wawili, kisha besi zikashuka chini kule zinakotoka. Wazee wakainuka na hakuna aliyewaambia wainuke. Askari mmoja aliyeachwa kwenye kona kulinda msafara akavua kofia yake, akaibana kwapani.

Mwalimu peke yake alifumba mdomo. Alikuwa amefika kifungo cha mwisho. Ndipo ubeti ukafika pale, *hapiti mbio, husimama*, na akaisikia ile sauti ya mke wake jinsi alivyoivuta hapo jikoni siku anautunga, akigonga mwiko kwenye sufuria. Akakumbuka zile siku tatu mtoni. Akaona alichokuwa hajakitazama miaka sita: kwamba hakuwa peke yake kwenye ukingo ule hata saa moja. Watu waliingia majini hadi shingoni. Kuna mama alimletea uji alfajiri zote tatu, akaketi naye kwenye tope. Ni nani aliyewatuma? Alikuwa amekodoa macho barabarani, akimngoja wa kusimama, na aliyesimama alikuwa kando yake tangu mwanzo, miguu ina tope.

Akapiga magoti pale pale barabarani, kwenye alama za matairi, akalia kwa sauti, "Bwana, nilikutoa kwenye wimbo wako! Nilikutoa kwa mkono wangu!"

Waliimba hadi jua likazama, na wanaosimulia wanasema hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka. Hofu takatifu ilikuwa imewashika, wanaongea kwa kunong'ona kama watu walio katika nyumba ya mtu mkubwa.

Sasa mtaniuliza, mchungaji, daraja je? Halijajengwa. Nisiwadanganye ndani ya nyumba ya Bwana. Ila mwalimu hakukunja mikono. Kila mwezi anakwenda wilayani na risala ile ile, anaisoma mbele ya ofisa, anaomba ipigwe mhuri wa kupokelewa. Zamani alikuwa akiingia ofisi ile amenuna, akitoka hali chakula. Siku hizi anaingia anasalimia hadi mfagizi. Karani akashindwa kuvumilia, akamuuliza, "Mwalimu, wewe huchoki?"

Akamjibu, "Nilikuwa nachoka, mwanangu, nilipokuwa naja hapa kumngoja mwokozi. Siku hizi nangoja daraja tu."

Mmesikia? Nangoja daraja tu!

Ndugu zangu, sisi tumekuwa na hasira nyingi mwaka huu. Nimewasikia baada ya ibada, pale chini kwenye ngazi, na nyingine nimezisema mimi mwenyewe. Na hasira zingine ni za haki, wala simwambii mtu anyamaze. Kura tupige, risala tuandike, ahadi tuwakumbushe viongozi, majina yao yakiwa yameandikwa hapo. Lakini usiku, tunapokosa usingizi kwa sababu ya mtu ambaye hata hatujui, tujiulize: ni jina gani tuliloliweka pale lilipokuwa lile Jina? Mtu tuliyemwomba daraja akitunyima, tutaudhika na kesho tutarudi kumdai. Mtu tuliyemwimba kama Bwana akitupita, tumekwisha. Ndiyo maana tumechoka hivi.

Yule kipofu kando ya njia ya Yeriko alimwita Yesu kwa kelele, watu wakamkemea, na msafara mkubwa kuliko ule wa magari ukasimama kwa ajili yake. Yesu huyo bado hajajifunza kupita mbio.

Simameni, tuimbe. Kwaya wataanza, sisi tutafuata. Na kila mmoja alitaje jina mwenyewe, taratibu, alisikie kwa masikio yake ni la nani.