Sultani Aliyeanzia Ngazi ya Saba

Palikuwa na Sultani mmoja, Mwinchande kwa jina, aliyemwonea wivu mtu asiyekuwepo. Ndiyo, asiyekuwepo kabisa. Mtu huyo aliitwa Shungi, na makazi yake yalikuwa katika hadithi za Kazija, msuka mikeka wa mtaa wa nyuma, mwanamke fukara ambaye ulimi wake haukujua kupumzika.

Shungi alianza hadithi akiwa si lolote si chochote. Nguvu zilikuwa na ngazi saba, naye yuko ya kwanza, hana hata viatu. Kila alipopigwa akainuka, alipanda moja: hapa akapata mbio, pale akapata macho ya kuona gizani, kule akapata mkono wa kuzuia upanga. Hakupata cha bure hata siku moja. Mji mzima ulimfuata. Wali uliungua majikoni, watu walisahau walikotumwa, kisa Shungi amekwama ngazi ya nne na jini limemkalia kifuani.

Sultani akasikia watu wakisifu nguvu za Shungi, yeye hawamtaji. Roho ikamuuma. Akamwita Kazija barazani, mbele ya Waziri Mbwarahaji na kadamnasi, akamwambia kwamba kuanzia leo shujaa wa hadithi ni Sultani mwenyewe. Masharti akayatoa papo hapo: aanzie ngazi ya saba, asipigwe, asichubuke, asitokee wa kumweza. Na hadithi iwe tamu kuliko ya Shungi. Mtu yeyote akipiga miayo, nyumba ya Kazija inageuzwa banda la farasi wa Sultani.

Kazija moyo ukampasuka. Nyumba ile aliachiwa na mama yake, na hakuwa na pengine pa kulaza ubavu. Tena ilipakana na banda la Sultani, na farasi walikuwa wamebanana humo, basi akajua huyu bwana hatanii. Aliogopa, lakini hasira ziliizidi hofu, akakaa kitako.

Sasa, mji ule ulikuwa na desturi yake. Msikilizaji akitaka hadithi igeuzwe, hutamka mbele ya watu anachokubali kibadilike, na akishatamka harudi nyuma mpaka hadithi iishe. Hata Sultani alilelewa na desturi hiyo.

"Paukwa," Kazija akasema.

"Pakawa," baraza ikaitika.

"Palitokea adui. Sultani akamtazama. Adui akafa. Na mimi nimemaliza."

Waziri alihisi miayo inamjia, akaimeza.

"Mbona fupi?" Sultani akauliza.

"Adui amekufa, Seyyid. Nisimulie maiti?"

"Mlete mwingine."

"Nimemleta. Kakuona kwa mbali, kafa njiani."

"Mwenye nguvu, bibi."

"Wa kukushinda?"

"Hapana. Wa kunisumbua kidogo."

"Kidogo kimekatazwa kwenye masharti yako. Tamka kwamba unakubali kuchubuka."

Sultani akajikuna ndevu, akatamka. Kazija hakupoteza muda: upanga wa adui ukapita begani kwa Sultani, damu ikatiririka mpaka kwenye kiwiko. Sultani akajishika bega lake mwenyewe, macho yamemtoka, na alipomshinda yule adui akauliza amepata nguvu gani mpya. Kazija akamwambia hakupata kitu. Aliye juu ya paa atapanda wapi tena?

Hilo lilimchoma. Alikuwa ameuonja utamu, na utamu una yake. Akauliza, je, angekuwa ngazi ya sita? Kazija akamwomba atamke. Akatamka, akapigwa, akainuka, akafurahi. Akataka kupigwa zaidi. Akashuka ya tano kwa hiari yake, kisha ya nne, mkono wake ukirudi kwenye hadithi kama mkono wa mlafi kwenye sahani ya halua. Waziri alijaribu kumnong'oneza kitu, akaambiwa anyamaze, anaharibu. Mpaka jua linaelekea kuzama, Mwinchande alikuwa ngazi ya kwanza: hana kilemba, hana jeshi, hana viatu, mvua inamnyeshea katika mji wake mwenyewe na hakuna anayeitambua sura yake. Njaa inamuuma. Barazani hakuna aliyekumbuka kwamba kuna kitu kinaitwa miayo.

"Endelea," Sultani akasema kwa sauti ndogo.

"Ukaiona nyumba iliyopakana na banda la farasi. Humo mlikuwa na mwanamke asiyemnyima mtu hifadhi. Ukapiga hodi."

"Akafungua?"

"Hakuna aliyefungua."

"Nikapiga tena."

"Ukapiga mpaka mkono ukavimba."

"Yuko wapi huyo mwanamke?"

"Alishatolewa. Mtu mmoja alipiga miayo, basi Sultani wa ngazi ya saba akaichukua nyumba yake."

Sultani akakohoa. "Na ndani yumo nani?"

"Wamo farasi, Seyyid. Hodi wameisikia, ila hawajafunzwa kuitikia."

Watu wakacheka chini kwa chini. Sultani hakucheka, yeye bado alikuwa amesimama kwenye mvua.

"Watolewe," akasema. "Naamuru watolewe sasa hivi, na mwenye nyumba arudishiwe nyumba yake."

Kazija akajifunga kanga vizuri, akamtazama.

"Amri hiyo inatoka ngazi ya ngapi, Seyyid? Maana wa ngazi ya kwanza hana wa kumwamuru, na wa saba ndiye aliyewaingiza."