Mama Mkwe Akwama Korongoni

Kaeni, wajukuu zangu, na mwenye kutafuna ameze kwanza. Hapo kale, kale ile ambayo hata bibi yangu alihadithiwa tu, kulikuwa na korongo la mawe lililoteremka mpaka baharini. Baada ya mavuno watu walilipita kwenda kupika chumvi. Walitembea, wakatembea, wakatembea, mawe kulia, mawe kushoto.

Siku hizo mwanamume hakumtazama mama mkwe wake, wala hakusema naye, na akimgusa, mke anarudi kwao. Semboja alimpenda mkewe Tatu kupita kiasi. Kwa hiyo alimwacha mama mkwe, Bi Mwanamvua, atangulie na wenzake, yeye akafuata nyuma ameinamisha kichwa.

Bi Mwanamvua alikuwa mwanamke wa kushiba. Mnacheka nini? Na ninyi mtanenepa. Pale penye upenyo mwembamba kuliko wote, wenzake walipita, yeye akakwama. Wenzake wako mbele wanaimba, hawasikii. Nyuma yuko Semboja peke yake, kageukia ukuta. Na bahari ikaanza kujaa, maji yakaingia korongoni. Yakafika vifundoni. Yakafika magotini.

"Ewe jiwe," akasema Semboja, "mwulize mama kama anaweza kujisogeza."

"Jiwe, mwambie ningeweza nisingekuwa hapa."

"Jiwe, mwambie nikimgusa nampoteza Tatu."

"Jiwe, mwambie asiponigusa, Tatu atampoteza mama."

Maji yakafika kiunoni.

"Jiwe, mwambie afumbe macho asukume."

Semboja akafumba macho, akasukuma kwa kichwa kama beberu. Pwaa, wote wawili wakatokea ufukweni, mbele ya kijiji kizima.

"Amekugusa," wakasema wazee. "Tatu arudi kwao."

Semboja akalia mbele za watu, bila haya.

Bi Mwanamvua akakamua nguo yake taratibu. "Mkwe hanigusi. Mwana hunigusa. Basi tangu leo huyu ni mwanangu."

"Basi kaoa dada yake."

"Nani kasema? Mke wa mwanangu ni mkwe wangu. Tatu ndiye mkwe. Yeye ndiye atakayenikimbia."

Wazee wakatazamana, wakaenda kuwasha moto wa chumvi.

Tangu hapo, Bi Mwanamvua akija kutembea, yeye na Semboja walikula kuku sebuleni, na Tatu amejificha nyuma ya nyumba, ananung'unika kwamba kuku kampika yeye.

Waheshimuni wakwe zenu, wajukuu, lakini kwanza muwatoe majini. Kisa changu kimeteremka mpaka kimelowa. Nami naishia hapa.