Mpini Mwembamba

Pale Mkunazini palikuwa na Vuai, fundi wa panga za kale. Alikuwa amekesha miezi mitatu na upanga mmoja wa Kihindi alioutoa kwenye vyuma chakavu, akiusugua kutu. Siku maua ya dhahabu yalipojitokeza kwenye mpini, tajiri Suwedi aliingia karakanani na wapambe wake wawili.

"Huo ni wa babu yangu," alisema. "Uliibwa. Lete!"

"Chukua, bwana," Vuai alijibu kwa adabu. "Ila ushike barabara, usije ukakuponyoka."

Mipini ya Kihindi ina nafasi nyembamba ya kupitisha mkono kati ya vyuma, na vidole vya Suwedi vilikuwa vinene kama mihogo. Alisukuma mkono mpaka ukaingia. Kutoka, ukakataa. Alivuta, akapinda, jasho likamtiririka.

"Nitoe, Vuai!"

"Mpini huu umegandishwa kwa utomvu wa sandarusi, bwana. Sisi mafundi huufungua kwa moto tu." Vuai alianza kupuliza makaa. "Lakini mali ya mtu siichomi bila idhini yake. Wewe sema tu upanga ni wako, nianze."

Suwedi aliyatazama makaa yakiiva.

"Si wangu! Wallahi ni wako! Babu yangu hakuwa hata na kisu!"

"Mmesikia?" Vuai aliwauliza wapambe.

"Tumesikia."

Vuai alichukua mafuta ya nazi, akaupaka mkono wa tajiri, nao ukateleza ukatoka.

"Kumbe moto hauhitajiki!" Suwedi alifoka.

"Kufungua mpini, moto unahitajika, bwana," alisema Vuai. "Mkono sikuutaja."